Imeingia, Lakini Imeingia Wapi?

Kituo cha kununulia majani chai katika vilima vya Giakanja, kule Nyeri, hakina mengi: paa la mabati, meza ya kukagulia majani, mizani ya umeme, na karani mwenye kifaa cha mkononi. Gunia linatundikwa, namba ya mkulima inaingizwa, uzito unasomwa.

"Imeingia?"

"Imeingia, shosho. Shika risiti."

Maneno hayo machache yamebeba suala zima ambalo waandishi wengi wa programu hulipita mbio wanapounganisha programu zao na hifadhidata. Karani akisema imeingia, imeingia wapi? Kwenye kifaa alichoshika? Kwenye seva ya ofisini? Na kama ni kwenye seva, je, iko kwenye diski au bado inaelea kwenye kumbukumbu ya muda, ile ambayo stima ikipotea hufutika yote? Iko kwenye seva moja au mbili?

Hifadhidata nyingi za kisasa, hasa zile zinazotunza nakala zaidi ya moja za data, humwachia mwandishi wa programu achague jibu. Chaguo hilo hufanyika kwenye kiendeshi, ile maktaba inayosimama kati ya programu yako na seva, ikibeba maombi na kurudisha majibu. Unakiambia kiendeshi: usiniambie umeandika mpaka hivi na hivi vitimie. Kwa kawaida ni neno moja au mawili ndani ya mstari wa kuunganisha, na kwa sababu ni neno moja au mawili, watu hulinakili kutoka mradi wa jana bila kuliangalia.

Msimamo wangu ni kwamba hili si suala la kasi, ingawa karibu kila mara hujadiliwa kama suala la kasi. Ni suala la nani atabeba hasara mashine ikianguka. Kiwango cha chini cha uthibitisho hakiondoi hatari. Kinaihamisha kutoka kwa mwenye seva hadi kwa mtu aliyeambiwa imeingia. Ndiyo maana kipimo changu cha kuchagua kiwango ni kimoja: kabla ya kutoa risiti, data iwe imefika mahali ambapo risiti inadai imefika.

Tuanze na MongoDB, kwa kuwa ndiyo iliyoliweka suala hili wazi kuliko nyingine na historia yake inafundisha. Mpangilio wake wa kawaida ni kundi la nodi tatu. Moja ndiyo nodi kuu, inayopokea maandishi yote. Mbili hunakili kila badiliko kutoka kwayo. Kiendeshi kinapotuma rekodi, kigezo kinachoitwa w huamua kingoje nini. Ukiweka w=0, hakingoji chochote: kimetupa rekodi kwenye waya na kuendelea na shughuli zake. Hata kama seva imeikataa rekodi kwa sababu namba yake tayari ipo, programu haitajua. Ukiweka w=1, kinangoja nodi kuu pekee iseme imepokea. Ukiweka w=majority, kinangoja hadi zaidi ya nusu ya nodi, yaani mbili kati ya tatu, ziwe nayo. Pembeni kuna kigezo cha pili, j, kinachohusu jonali: daftari la kwenye diski ambamo kila badiliko huandikwa kwanza kabla ya kupangwa mahali pake. Cha tatu, wtimeout, huweka kikomo cha kungoja. Nitarudi kwake, maana kimewaponza wengi.

MongoDB ilipotolewa na kampuni ya 10gen mwaka 2009, viendeshi vyake havikungoja kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida kwa yeyote asiyegusa mipangilio. Hifadhidata ilisifiwa kwa kasi, na sehemu ya kasi hiyo ilikuwa kutosubiri jibu. Novemba 2012 viendeshi vilibadilishwa vyote kwa pamoja, likaja jina jipya la MongoClient, na hali ya kawaida ikawa w=1. Toleo la 5.0 lililotoka Julai 2021 ndilo lililofanya w=majority kuwa kiwango cha kawaida. Yaani ilichukua zaidi ya miaka kumi tangu kuzaliwa kwake kwa chaguo la usalama kuwa ndilo linalopatikana bila kuombwa. Miezi miwili baadaye, Septemba 2021, toleo la 3.0 la Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe, nalo lilihamisha acks, kigezo chake cha uthibitisho, kutoka 1 hadi all. Mifumo yote miwili ilikuwa imefikia uamuzi mmoja: mtu asiyechagua apewe kilicho salama, na anayetaka haraka aombe mwenyewe.

Mwandishi wa programu wa leo anaweza kujibu kwamba basi suala limekwisha. Halijaisha. Kiwango anachokitaja mteja waziwazi hushinda kile cha seva. Mstari wa kuunganisha ulionakiliwa kutoka mafunzo ya mwaka 2014, wenye w=1 mwishoni, utaendelea kudai w=1 mbele ya seva mpya kabisa, wala hakuna onyo litakalotokea. Isitoshe, toleo hilo la 5.0 lina hali yake ya pekee kwa wanaobana matumizi. Wapo wanaoweka nodi mbili zenye data na ya tatu isiyotunza chochote, kazi yake kupiga kura tu nodi kuu inapochaguliwa. Mpangilio huo ni rahisi kwa mfuko, na ofisi ndogo huupenda. Hapo MongoDB hurudi yenyewe kwenye w=1, maana nodi moja ya data ikizimika, kura bado zinatosha kumpata mkuu lakini nakala hazitoshi kutimiza zaidi ya nusu, na kila andiko lingekwama.

Kwa nini w=1 isitoshe? Tuseme mhitimu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, pale nje ya mji wa Nyeri, ameandikia ushirika mmoja programu ya kupokea uzito, iwe wa majani chai upande wa juu kuelekea msitu wa Aberdare au wa kahawa upande wa chini. Nodi kuu inapokea rekodi ya kilo 23.5, inasema nimepata, risiti inachapishwa. Kabla nodi nyingine hazijainakili, mtandao wa nodi kuu unakatika. Zile mbili, zikikaa takriban sekunde kumi bila kusikia kutoka kwa mkuu, huchagua mkuu mpya na kazi inaendelea. Mkuu wa zamani akirejea, anakuta historia ya wenzake haina zile kilo 23.5. Hawezi kubishana na walio wengi. Anazifuta kwake, anaziweka kando katika faili ndani ya folda iitwayo rollback, kisha anajiunga na kundi kama nodi ya kunakili. Hakuna mashine iliyoharibika wala diski iliyoungua. Kila sehemu ilifanya ilivyoagizwa, na kilo 23.5 hazimo.

Kyle Kingsbury, Mmarekani anayejulikana kwa majaribio yake ya Jepsen, alilionyesha hilo hadharani mwaka 2013 kwa kukata mtandao kati ya nodi makusudi na kuhesabu maandishi yaliyothibitishwa kisha yakatoweka. Baadhi ya mashabiki wa hifadhidata hiyo waliona ameonea. Lakini alichofanya ni kile ambacho mvua, panya na wachimba mitaro huwafanyia wenye mitandao bila kuandika ripoti.

Jonali nayo ina adui wake tofauti, na inafaa kuwatenganisha hawa wawili. Mgawanyiko wa mtandao huacha mashine zikiwa hai lakini hazisikilizani. Dawa yake ni nakala. Kupotea kwa stima huua kumbukumbu ya muda. Dawa yake ni diski. Katika MongoDB jonali humwagwa kwenye diski kila baada ya milisekunde 100, au papo hapo ukidai j=true. Mwenye w=1 na j=true amejikinga na stima lakini si na mgawanyiko. Mwenye nodi tatu kwenye kabati moja, zikitegemea waya mmoja wa umeme, amejikinga na kuharibika kwa mashine moja, ila stima ya kabati ikikatika zote huanguka pamoja. Kwa bahati nzuri, w=majority kwa mpangilio wa kawaida hudai pia kwamba nodi hizo ziwe zimeandika kwenye jonali, kwa hiyo nakala na diski huja pamoja. Kigezo kinachohusika kinaweza kuzimwa, na ukimkuta mtu amekizima, muulize kwa nini.

Sasa jiografia, ambayo vitabu vya kigeni huipitia juujuu kwa kuwa vimeandikwa na watu wenye vituo vitatu vya data ndani ya jiji moja. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150 kwa barabara. Kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde moja na nusu. Nairobi hadi Cape Town, ambako kampuni ya Amazon ilifungua kanda yake ya kwanza ya vituo vya data barani Afrika mwezi Aprili 2020, ni kama kilomita 4,100 kwa mstari ulionyooka: angalau milisekunde 41. Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000: angalau milisekunde 60, na nyaya za baharini hazipiti mstari ulionyooka, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi. Hakuna pesa itakayopunguza hesabu hii.

Wengi wakiziona namba hizo huhitimisha kwamba w=majority ni anasa ya wenzetu. Hawakuhesabu vizuri. Kungoja zaidi ya nusu si kungoja wote. Ukiwa na nodi tatu, mkuu anahitaji mwenzake mmoja tu, yule aliye karibu. Mkuu akiwa Nairobi, nodi ya pili Nairobi kwenye jengo jingine au hata Nyeri, na ya tatu Cape Town, uthibitisho wa kawaida unakuja ndani ya milisekunde chache, na Cape Town inapata nakala yake nyuma ya pazia bila kumchelewesha mtu. Weka mkuu Nairobi na nyingine mbili Ulaya, na kila andiko litavuka bahari mara mbili. Kiwango ni kilekile, gharama ni tofauti kabisa. Mpangilio wa nodi huamua bei ya w=majority kuliko neno lenyewe.

Ila hapo unachagua pia ajali utakayoivumilia. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Aliye na nodi mbili Kenya na moja Cape Town, jenereta zake zikigoma usiku kama huo, hubaki na nodi moja ng'ambo ambayo haiwezi kujichagua kuwa mkuu, maana moja kati ya tatu si zaidi ya nusu. Data iko salama, lakini huduma imesimama. Kisha Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Siku hiyo ni zamu ya aliyeweka nodi mbili ng'ambo: mawasiliano yakikatika kabisa, walio wengi wako upande wa pili wa bahari, na mkuu aliyebaki Nairobi, mzima, stima ipo, analazimika kujivua ukuu. Kwa ushirika unaopima chai asubuhi na kuipeleka kiwandani siku hiyohiyo, ningechagua hatari ya kwanza. Jenereta inanunulika. Hakuna ushirika unaoweza kununua meli ya kutengeneza nyaya za baharini.

Nilisema nitarudi kwenye wtimeout. Bila kigezo hiki, andiko linalodai nodi mbili wakati ipo moja litangoja bila kikomo, na programu itaganda. Ukiweka, tuseme, milisekunde 5,000, baada ya sekunde tano kiendeshi kitarudisha kosa. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kulisoma kosa hilo kama kukataliwa. Si kukataliwa. Nodi kuu tayari imeandika rekodi. Haiifuti kwa sababu muda umekwisha. Inachosema ni kwamba ndani ya sekunde tano haikupata ushahidi kuwa nodi za kutosha zinayo. Rekodi inaweza kusambaa sekunde ya sita na kudumu milele. Inaweza pia kufutwa mkuu akianguka. Kwa wakati ule hakuna anayeweza kujua.

Hali hii haitokani na uzembe wa wahandisi. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walionyesha kwamba pande mbili zinazozungumza kupitia njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kamwe kufikia uhakika kamili kwamba kila mmoja anajua mwenzake anajua. Jim Gray akalipa tatizo hilo jina la majenerali wawili mwaka 1978. Uthibitisho wenyewe ni ujumbe, nao unaweza kupotea. Kwa hiyo daima kutakuwa na jibu la tatu kando ya ndiyo na hapana, nalo ni sijui. Programu isiyo na mahali pa kuweka "sijui" italigeuza kuwa mojawapo ya yale mawili, na mara nyingi itakosea.

Mhitimu wetu akilichukulia kosa la muda kama hapana, atatuma tena, na mkulima atakuwa na kilo 47 badala ya 23.5. Mwezi wa malipo, na zaidi bonasi ikifika, kilo hewa hulipwa na wenzake, maana fungu ni lilelile. Dawa inajulikana na ni nafuu: kila pimo lizaliwe na namba yake ya kipekee palepale kwenye kifaa, kwa mfano namba ya kituo, ya kifaa, tarehe na mfuatano wa siku, na namba hiyo ndiyo iwe kitambulisho cha rekodi kwenye hifadhidata. Kutuma tena hakudhuru. Kama ya kwanza iliingia, seva itasema namba hii ninayo, na kwa pimo lilelile jibu hilo ni habari njema. Viendeshi vya MongoDB tangu toleo la 3.6 vinaweza kurudia vyenyewe andiko mara moja mtandao ukikatika katikati, na vile vya wakati wa 4.2 hufanya hivyo bila kuombwa, lakini havirudii kwa sababu ya wtimeout, na kwa w=0 havirudii kabisa. Namba ya kipekee bado ni kazi yako.

Waandishi wa programu wa Kenya wamekutana na jibu la tatu kupitia mlango mwingine, ingawa si wote wanaolihusisha na hifadhidata. Anayeunganisha duka lake na M-Pesa kupitia Daraja, lango la M-Pesa la waandishi wa programu, hutuma ombi la malipo, na karibu papo hapo hupata jibu kwamba ombi limekubaliwa ili lishughulikiwe. Jibu hilo halisemi mteja amelipa. Mteja bado hajaingiza namba ya siri. Pengine simu iko mfukoni. Matokeo halisi huja baadaye kwenye anwani uliyoitoa, na yasipokuja kuna njia ya kuulizia hali ya muamala. Anayetoa bidhaa kwa jibu la kwanza amechagua kiwango cha chini cha uthibitisho bila kujua, na atagundua anapofunga hesabu za jioni. Wakala wa kibandani hahitaji mhadhara juu ya hili: mteja anaweza kumwonyesha meseji yoyote kwenye simu yake, yeye hatoi pesa mpaka meseji iingie kwenye simu ya wakala.

Mfano mzito zaidi ni wa taifa. Matokeo ya urais ya Agosti 2017 yalifika kituo kikuu kama tarakimu, huku picha za fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, zilizotakiwa kuzisindikiza zikichelewa kutoka maeneo mengi. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeeleza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G. Mshindi akatangazwa Agosti 11. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi, na miongoni mwa hoja za majaji wengi ilikuwa kwamba matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za 34A kupokelewa. Siasa zake tuwaachie wenyewe. Kwa jicho la mhandisi, tangazo lilitoka katika kiwango cha uthibitisho kilicho chini ya kile ambacho sheria ilidai. Mwaka 2022 fomu za vituo, vilivyokuwa 46,229, ziliwekwa kwenye tovuti wazi, zikaonekana na yeyote kadiri zilivyofika.

Hifadhidata nyingine zina majina yao kwa jambo lilelile. PostgreSQL ina synchronous_commit, na uzuri wake ni kwamba waweza kuibadilisha kwa kila muamala: ukiizima, seva ikianguka unaweza kupoteza miamala ya sehemu ya sekunde iliyopita, lakini data iliyobaki haiharibiki. MySQL ina innodb_flush_log_at_trx_commit yenye 0, 1 na 2, jina ambalo hakuna anayelikumbuka bila kulitafuta. Cassandra, iliyotoka Facebook mwaka 2008 ikibeba mawazo ya makala ya Amazon ya mwaka uliotangulia kuhusu Dynamo, hukuachia upange kusoma na kuandika pamoja: nodi unazongoja ukiandika ukijumlisha na unazouliza ukisoma zikizidi idadi ya nakala, msomaji hawezi kulikosa andiko jipya.

Kafka inastahili onyo la peke yake. Neno all katika acks=all halimaanishi nakala zote zilizopangwa; linamaanisha nakala zinazoenda sambamba na kiongozi kwa wakati huo. Zikibaki nyuma zote, all ni kiongozi peke yake, yaani 1 kwa jina lingine, isipokuwa min.insync.replicas imepandishwa kutoka 1 ambayo ndiyo ya kawaida. Nimewaona watu wenye uzoefu wakilala usingizi mzuri juu ya neno hilo.

Na kusoma? Anayesoma kwa kiwango cha kawaida cha MongoDB anaweza kuona rekodi ambayo baadaye itafutwa. Kama ripoti ya jioni ndiyo inayopelekwa benki, isome kwa kiwango cha majority pia. Hata hivyo, ripoti ya Jepsen ya Mei 2020 juu ya toleo la 4.2.6 iliona kasoro katika miamala hata kwenye viwango vya juu kabisa, kwa hiyo kusoma nyaraka hakuondoi haja ya kupima.

Kwa programu ya ushirika wetu, basi, kosa ni kuweka kiwango kimoja kwa kila kitu. Mahali pa lori linalobeba majani kuelekea kiwandani hutumwa kila sekunde chache; likikosekana moja, jingine linakuja, na w=0 inatosha bila aibu. Kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo zinaweza kukaa kwenye w=1. Uzito, mikopo ya mbolea na malipo ni majority bila mjadala. Viendeshi vinaruhusu hili kwa urahisi. Kwa Python ni mistari miwili:

uzito = db.uzito.with_options(write_concern=WriteConcern(w="majority", wtimeout=5000))

lori = db.lori.with_options(write_concern=WriteConcern(w=0))

Cha ndani hushinda cha nje: kiwango cha mkusanyiko hushinda cha hifadhidata, na cha hifadhidata hushinda kile cha mstari wa kuunganisha. Ila ndani ya muamala wenye hatua kadhaa, kiwango hutolewa mara moja kwa muamala wote. Ukijaribu kukitaja kwa hatua moja utapata kosa. Usiweke w=0 kwenye mstari wa kuunganisha hata kwa majaribio. Itasambaa kwa kila kitu kisichosema vinginevyo, na majaribio yana tabia ya kugeuka kuwa mfumo rasmi.

Anayelalamikia kasi baada ya hapo mara nyingi anaandika rekodi mojamoja akingoja kila moja. Kungoja kunaongeza muda wa andiko moja. Hakulazimishi seva kufanya machache. Mapimo sitini ya kituo kimoja yakitumwa kwa pamoja hulipa safari moja ya uthibitisho badala ya sitini.

Linabaki jambo la kifaa chenyewe, na ndilo gumu zaidi huku milimani. Mabonde ya Tetu, upande huohuo wa Nyeri, yana sehemu ambazo mtandao huja na kuondoka, na mkulima hawezi kusimama foleni akingojea Nairobi ijibu. Hapo risiti itatoka kabla data haijafika kwenye seva; hakuna kiendeshi kitakachobadilisha hilo. Kinachowezekana ni risiti kusema ukweli wake: pimo limehifadhiwa kwenye kifaa, namba ni hii. Uthibitisho wa pili uende kwa SMS baada ya nodi mbili kulipokea, wala si kabla. Kifaa nacho kisifute pimo mpaka kipate jibu la majority kwa namba ileile. Kikipata "sijui", kitume tena. Karani akidondosha kifaa mtoni kabla ya kupakia, karatasi alizogawa asubuhi ndizo zitakazotumika kurudisha hesabu, kwa hiyo zichapishwe namba kamili ya pimo, si uzito na tarehe tu.

Na mtu apewe kazi ya kufungua ile folda ya rollback. Katika ofisi nyingi hakuna anayejua kwamba ipo. Faili zake ni za BSON, zinasomeka kwa zana ya bsondump inayopatikana bure pamoja na zana nyingine za MongoDB, na kila rekodi iliyomo ni andiko ambalo nodi moja ililipokea na kundi likalikana. Ukiwa umefuata yote yaliyotangulia, utakuta humo nukta za lori na kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo. Ukikuta uzito, linganisha namba yake na mkusanyiko mkuu kwanza: pengine kifaa kiliutuma tena na uko salama. Kama haupo, urudishe kwa namba ileile, kisha tafuta ni sehemu gani ya msimbo bado inaandika kwa w=1.